Ufunguo Uliotoka Mkononi

Tarehe 23 Juni 1969 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba programu zake zitauzwa kando na mashine. Kabla ya hapo mteja alikodi kompyuta na programu zikaja humo humo. Hakuna aliyeumiza kichwa kuzifungia. Makufuli yalianza pale programu ilipopata bei yake huku kuinakili kukiwa karibu bure. Ninachodai ni kwamba kufuli lililolaaniwa kuliko yote, kile kifaa cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, ndilo lililomtendea haki zaidi mnunuzi anayehamia mashine mpya.

Chukua Wordcraft, programu ya kuandikia iliyotengenezwa Uingereza kwa ajili ya kompyuta za Commodore PET. Ilikuja na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la kaseti, na isipokikuta haikufanya kazi. Ukinunua kompyuta nyingine, ulikichomoa huku ukakichomeka kule, kazi ikaendelea bila kumwomba mtu ruhusa. Vifaa vya aina hiyo vilichukiwa kwa sababu za kweli: vilipotea, viliharibika, na mwenye programu tatu alivipanga msururu kwenye tundu la printa. Baadaye tundu lenyewe likatoweka kwenye mashine mpya. Lakini hizo ni kasoro za kitu cha kushikika, na zina dawa. Mwaka 2003 mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani aliruhusu kukwepa kifaa kilichoharibika na kupitwa na wakati.

Windows XP ya Microsoft, iliyotoka Oktoba 2001, ilikwenda njia nyingine: iliufanya mwili wa kompyuta kuwa ndio ufunguo. Ilisoma alama za vipuri kumi, miongoni mwao prosesa, diski kuu na kadi ya mtandao, ikazigeuza namba ya kupelekwa Microsoft ndani ya siku 30 ili kupata kibali cha kuendelea kuitumia. Asiye na intaneti alipiga simu, akasoma tarakimu 50, kisha akaandika 42 alizopewa. Aliyebadilisha vipuri vingi alilazimika kuanza upya.

Watetezi wa mfumo huo husema kibali kilipatikana kwa urahisi, na wizi ulikuwa mkubwa. Wizi ulikuwepo, sibishi. Ila leseni za mashirika makubwa hazikuhitaji kibali hicho, na namba ya mojawapo ilivuja kabla XP haijatoka rasmi. Mwizi akaitumia akapita. Aliyelipa dukani ndiye aliyebaki kwenye simu.

Na kibali hudumu kadiri mtoaji anavyotaka. Adobe ilipozima seva ya kuamilisha programu zake za CS2, mwanzoni mwa 2013 iliwapa wanunuzi toleo lisilohitaji seva. Walinusurika kwa uamuzi wa kampuni. Ingenyamaza, diski walizolipia zisingefunguka tena kwenye kompyuta mpya.