Kuita au Kutuma? Historia Fupi ya Neno Moja la Tarakilishi

Makala haya yanakusudia kuchunguza neno moja ambalo mwanafunzi wa tarakilishi, awe katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru huko Nchiru au katika Chuo Kikuu cha Embu, hulipokea kwa Kiingereza bila kulihoji. Neno hilo ni CALL, yaani "ita".

Programu tanzu ni fungu la maagizo liandikwalo mara moja na kutumiwa mara nyingi. Tatizo lake la kale si kwenda, bali kurudi. EDSAC, iliyoanza kazi Cambridge mwaka 1949, haikuwa na amri ya kurejea. David Wheeler alibuni njia ambayo kwayo programu tanzu ilijiandikia yenyewe agizo la kurudi. PDP-8 ya mwaka 1965 iliandika anwani ya kurejea mwanzoni mwa programu tanzu. Ikitumiwa tena kabla ya kumaliza, anwani ya awali ilifutika.

Suluhisho lililoenea ni rundo. Tumtazame mjumbe aliyetumwa kutoka Meru hadi Chuka; huko akatumwa Runyenjes, na kutoka Runyenjes akatumwa Embu. Akirudi ataanzia Runyenjes, kisha Chuka, hatimaye Meru: aliyemtuma mwisho hupata jibu kwanza. Vituo hivyo 3 ndivyo vilivyokuwa kikomo cha maikroprosesa ya Intel 4004 ya mwaka 1971. 8008 ya mwaka 1972 ilikumbuka 7. Kilichozidi kilifuta cha zamani, na mjumbe akapotea. Intel 8080 ya mwaka 1974 ililihamishia rundo katika kumbukumbu kuu: CALL iliweka anwani, RET ikaichukua.

Sasa tulirejee neno lenyewe. Kwa Kiswahili, anayeitwa ndiye ajaye. Mwitaji hubaki alipo. Ndani ya mashine mambo ni kinyume: programu tanzu haisogei, prosesa ndiyo iendayo. Hata Kiingereza hakikuwa na kauli moja: 6502 ya mwaka 1975 ilitumia JSR, yaani ruka hadi programu tanzu. Ikiwa wasanifu wale walichagua, nasi tuna haki ya kuchagua.

Napendekeza "tuma". Yamkini wako watakaosema kwamba "ita" limekwisha kuzoeleka. Lakini mazoea hayamfundishi mwanafunzi jambo lililowasumbua wahenga wa fani hii. Kutuma kumebeba ndani yake wajibu wa kurejea: aliyetumwa asiporudi, kazi haijaisha.