Muziki wa chipu

Muziki wa chipu (huitwa pia chiptuni) ni aina ya muziki wa elektroniki unaotungwa kwa kutumia chipu za sauti zilizomo ndani ya kompyuta na mashine za gemu za miaka ya 1980 na 1990. Sauti zake kwa kawaida hazirekodiwi kutoka kwenye ala nyingine. Chipu yenyewe huzizalisha papo hapo kwa kufuata maagizo ya programu. Milio ya namna hiyo inafahamika kwa watu wengi wa Afrika Mashariki waliocheza gemu za TV za kaseti utotoni.

Chipu na sauti zake

Kompyuta ya Commodore 64, iliyotoka mwaka 1982, ilitumia chipu iitwayo SID, iliyobuniwa na Mmarekani Robert Yannes. Chipu hiyo ina sauti tatu tu. Game Boy ya kampuni ya Nintendo ya Japani (1989) ina nne: mbili za mawimbi ya mraba, moja ya wimbi ambalo mtunzi huliunda mwenyewe, na moja ya mvumo unaotumika badala ya ngoma. Kwa kulinganisha, kikundi cha taarab kama Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, hukusanya udi, kanuni, ngoma na fidla kadhaa kwa pamoja.

Uhaba huo ndio uliozaa mbinu za muziki huu. Kwa kuwa sauti moja haiwezi kutoa noti tatu kwa wakati mmoja, mtunzi huzipanga zifuatane kwa kasi kubwa, hata noti 50 kwa sekunde, mpaka sikio lizipokee kama kitu kimoja. Mlio wa kuparuza unaosikika katika nyimbo nyingi za chipu unatokana na mbinu hiyo.

Utungaji

Mwaka 1987 Karsten Obarski wa Ujerumani alitoa Ultimate Soundtracker kwa kompyuta ya Amiga. Katika programu hiyo noti huandikwa kwa herufi na namba katika safu zinazoshuka kwenye skrini, na mpangilio huo umeigwa na programu nyingi zilizofuata. Kwa Game Boy, programu zinazojulikana zaidi ni Nanoloop ya Oliver Wittchow (1998) na Little Sound Dj ya Johan Kotlinski (2000).

Hifadhi

Nyimbo zilizotungwa kwenye Game Boy mara nyingi hukaa katika kumbukumbu ya kaseti inayolindwa na betri ndogo ya duara. Betri ikiisha au ikitolewa, nyimbo zote hufutika. Kwa hiyo zinapaswa kunakiliwa kwenye kompyuta kabla betri haijabadilishwa. Katika maeneo ya pwani kama Jambiani, mashariki mwa Unguja, hewa ya chumvi huharakisha kutu kwenye sehemu za chuma zinazogusana na betri na kaseti, hivyo mashine huhitaji kuwekwa pakavu.

Commodore ilifilisika mwaka 1994. Chipu za SID zilizosalia hazifanani kabisa, na wimbo mmoja unaweza kusikika tofauti katika mashine mbili. Mkusanyiko wa High Voltage SID Collection umehifadhi nyimbo zaidi ya 50,000, si kama rekodi bali kama maagizo ya programu, ili ziweze kupigwa kwenye chipu halisi au kwa programu inayoiga chipu hiyo.

Muziki wa karibu nchini Tanzania

Singeli, iliyozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, si muziki wa chipu, kwani hutengenezwa kwa programu za kawaida za kompyuta na vipande vya muziki vilivyorekodiwa. Hata hivyo inakaribiana nao kwa milio mikali, marudio mafupi na mwendo unaozidi mapigo 200 kwa dakika, na pia kwa kutegemea vifaa vya bei nafuu. Albamu ya Sounds of Sisso (2017) iliitambulisha singeli kwa wasikilizaji wa nje ya nchi.