Chama
Mtanzania akisikia “chama”, huenda akafikiria siasa kwanza. Mchango wa mzunguko yeye huuita upatu. Lakini Migori na Homa Bay, nchini Kenya, seremala akisema “leo nina chama”, anakwenda kutoa mchango. Wapasua mbao na waunda mashua wana sababu nzito ya kushikamana: msumeno haumwonei mtu huruma, na kidole kikikatika, wenzake ndio humchangia hela za hospitali. Serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018, mbao zikapanda bei, na michango ya namna hiyo ikazidi kuwa na maana.

Hata ng’ambo, watu wa biashara ya mbao waliokutana Gurdon, Arkansas, Marekani, mwaka 1892 waliunda udugu wao, Hoo-Hoo. Huo nao ningeuita chama bila kusita. Kamusi ziipe maana hii ya Kenya nafasi yake kamili.