Volti za Babu

Nyuma ya amplifaya ya babu kuna swichi ya kuzungusha yenye namba tatu: 200, 220, 240. Kwa miaka yote ninayoikumbuka, mshale ulikuwa kwenye 200. Kando yake babu aliandika neno moja kwa penseli: kisiagi.

Desemba iliyopita mjomba alinipigia simu. "Mpwa, njoo Tongaren uniwashie hiki kitu cha mzee. Si wewe ulisomea stima?"

Nilisomea, ndiyo. Miaka miwili, kisha karo ikaisha. Hiyo sehemu ya pili mjomba huwa haisikii. Alitaka amplifaya inguruме siku ya ukumbusho wa babu, mbele ya watu wote. Fundi mmoja wa Kitale alikuwa ameikataa, akasema mambo ya valvu yalizikwa na wenyewe. Nikapanda matatu na mita yangu mfukoni, na hofu.

Hofu yenyewe haikuwa ya bure, lakini kuielewa lazima turudi nyuma kidogo.

Magharibi mwa Kenya hatujawahi kukosa wapiga gitaa. George Mukabi, aliyefariki 1963, alipiga mtindo wa omutibo kwa gitaa kavu huku chupa ya soda ikigongwa kushika mdundo. Watu husifu vidole vyake, na wana haki. Ila gitaa lilikuwa kavu kwa sababu nyingine pia: vijijini hapakuwa na pa kuchomeka waya.

Na si kwamba stima haikuwepo. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilifunguliwa 1954. Kwa mkataba wa 1955, Uganda ilikubali kuiuzia Kenya megawati 30, na mwaka wa 1958 umeme ukaanza kuvuka mpaka kutoka Tororo, volti 132,000, ukielekea Nairobi. Ulipita juu ya mahindi na migomba yetu bila kubisha hodi. Huwezi kuchomeka gitaa kwenye volti 132,000. Ili zishuke hadi 240 unahitaji kituo, transfoma, nguzo, na mtu ofisini anayeamini kwamba wewe wa kijijini utalipa bili. Mpango wa serikali wa kusambaza stima mashambani ulianza 1973.

Kwa hiyo aliyetaka sauti ya umeme alifuata waya hadi Nairobi. Huko kulikuwa na Equator Sound Studios ya Charles Worrod, na vijana kama Fadhili William na Daudi Kabaka. "Helule Helule" ya Kabaka ilivuma hadi The Tremeloes wa Uingereza wakairekodi upya 1968.

Babu hakuenda Nairobi. Alipata shamba Tongaren, kwenye zile skimu ambapo mashamba ya walowezi yaligawanywa miaka ya 1960. Pamoja na shamba alipata redio mbovu ya valvu iliyoachwa stoo. Redio nyingi za Uingereza za enzi hizo zilikuwa na swichi ya volti, maana hata kwao miji ilikuwa na volti tofauti kabla mambo hayajalinganishwa. Babu na rafiki yake fundi wakatoa transfoma na valvu, wakazifunga upya ndani ya sanduku la mbao. Redio ikageuka amplifaya ya gitaa.

Valvu inataka vitu viwili: joto na msukumo. Transfoma ya babu inatoa volti 6.3 za kupasha waya mdogo ndani ya kioo, na volti 250 za kuvuta elektroni. Hizo 250 zikishanyooshwa kuwa mkondo wa upande mmoja na kujaza kapasita, zinaweza kufika karibu 350. Ukizigusa, unaweza usisimulie. Na ukizima mashine, kapasita bado inazishikilia.

Sasa, kisiagi. Mjomba ndiye aliyenifungulia hilo neno. Jumamosi usiku babu alipiga muziki sokoni, kwenye kinu cha kusaga mahindi. Injini ya dizeli ya kisiagi ilizungusha jenereta ndogo, na ile jenereta ilikuwa chovu: volti zake hazikupita 200 sana. Babu akaweka mshale pale ili valvu zipate joto lao kamili. Haukuwa uzembe. Alikuwa amepima dunia yake, akaandika jibu.

Lakini dunia ile imekwisha. Stima ilifika kwa mjomba nikiwa sekondari, na soketi yake inaahidi 240. Piga hesabu: 240 ukigawa kwa 200 ni 1.2. Kila kitu ndani ya sanduku kingepanda kwa humusi moja. 6.3 ingekuwa 7.6, na 350 ingekuwa 420, kwenye kapasita zilizozeeka kuliko mama yangu. Kama mjomba angechomeka tu siku ya ukumbusho, tungepata moshi, au msiba juu ya msiba.

Nilibadilisha kapasita na kuzungusha mshale hadi 240. Kisha nikaunganisha balbu ya wati 60 kwenye njia ya stima: ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti, ikififia, endelea. Nilizunguka Kitale nusu siku kuitafuta, kwa sababu kila duka sasa linauza LED, na LED haifanyi kazi hiyo.

Balbu iliwaka, ikafifia. Valvu zikageuka rangi ya makaa.

Siku ya ukumbusho, jioni, mita ilisoma 214. Jirani alikuwa anachomelea geti. Mjomba akaniuliza kama turudishe mshale pale mzee alipouacha. Nikamwambia hapana: watu wakilala stima hupanda tena, na valvu haitakuamsha kukuuliza. Sauti ilikuwa nzito, ya usingizi kidogo. Wazee walisema ndiyo yenyewe.

Chini ya maandishi ya babu niliandika yangu kwa penseli: 240, stima. Mjomba akanishika bega, akawaambia wageni, "Huyu ndiye injinia wetu."

Sikumsahihisha.