Mahindi Mabichi ya Ukambani

Mei 2004 hospitali za Makueni na Kitui zilipokea wagonjwa wenye macho ya manjano, ini limeshindwa kazi. Virusi vya ini vilishukiwa, lakini vipimo vya maabara vikaviondoa. Mahindi yalipopimwa, mengine yalikutwa na sumukuvu ya aflatoksini hadi sehemu 4,400 kwa bilioni, ilhali kiwango cha Kenya kilikuwa 20. Kufikia Julai 20 walikuwa wameugua watu 317 na kufa 125, wengi wao wa wilaya hizo mbili.

Ukambani haikuwa mara ya kwanza: Machakos ilikuwa imezika watu kwa sumu hiyo hiyo mwaka 1981. Safari hii chakula kilikuwa haba, na mvua isiyo ya msimu ilikuta mavuno. Mwenye njaa, tena akihofia wezi, haachi mahindi uani yakauke kwa raha zake. Aliyaingiza chumbani yakiwa mabichi, kuvu ikastawi humo. Wachunguzi waliolinganisha wagonjwa na majirani wazima walikuta tofauti hapo hapo: waliougua ndio zaidi waliohifadhi mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba badala ya ghalani. Kuwalaumu kwa uzembe ni kusahau njaa.

Hicho ni kifo cha haraka. Kipo cha polepole, na dalili yake ilionekana mapema Kenya: mwaka 1973 watafiti Peers na Linsell walichapisha utafiti wa Murang'a uliohusisha sumukuvu ya chakulani na saratani ya ini. Jinsi inavyofanya kazi ilifahamika baadaye. Ini lenyewe, likijaribu kuiondoa sumu, huigeuza kuwa kali zaidi, nayo hung'ang'ania vinasaba. Mwaka 1991 uvimbe wa saratani kutoka China na kusini mwa Afrika ulionyesha alama ile ile katika jeni ya TP53, inayozuia seli kuzaliana ovyo: mahali pa 249, herufi G imekuwa T.

Hatari hupanda sana kwa aliye na virusi vya hepatitisi B, na hata mwaka 2004 virusi hivyo vilipatikana zaidi kwa waliougua. Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi yake mwishoni mwa 2001. Watu wazima waliokula mahindi yale walizaliwa kabla ya chanjo hiyo.