Amana ya Sauti

Wimbo ulioandikwa kwa noti, akifa mtunzi wake, waweza kupigwa na mwingine. Jazi huru haina kinga hiyo. Muziki huu, uliopata jina lake kwa santuri ambayo Ornette Coleman aliirekodi New York mwaka 1960, uliacha mapigo yasiyobadilika na mpango wa sauti uliowekwa tangu mwanzo. Kila mpigaji alitunga pale pale alipopiga, na usiku ulipokwisha, utungo wake ulikwisha pia. Ndiyo sababu watu waliobeba vinasa sauti kumbini wakawa makarani wa historia, ingawa hapana aliyewaajiri.

Kisa cha Albert Ayler chathibitisha neno hili. Mpuliza saksafoni huyu wa Marekani alipokuwa Stockholm mwaka 1962 alikuwa hajapata santuri yenye jina lake. Bengt Nordström, Mswidi mpenzi wa jazi, ndiye aliyemrekodi na kumtolea santuri ya kwanza, kwa nakala chache mno. Ayler alifariki mwaka 1970, umri wake miaka 34. Rekodi nyingi za maonyesho yake zilisalia mikononi mwa watu binafsi hata mwaka 2004, kampuni ya Revenant ilipozikusanya katika kasha liitwalo Holy Ghost. Humo yamo aliyopiga kanisani katika mazishi ya John Coltrane, Julai 1967.

Coltrane mwenyewe alirekodi A Love Supreme studioni Desemba 1964, kwa dakika 33 hivi. Kwa miaka mingi wasomi walijua rekodi moja tu ya utungo huo ukipigwa wote mbele ya watu, nayo ni ya Antibes, Ufaransa, Julai 1965. Lakini tarehe 2 Oktoba mwaka ule ule, katika klabu ya Penthouse mjini Seattle, mwanamuziki na mwalimu Joe Brazil aliurekodi tena, nao ukachukua takriban dakika 75. Kanda zile alikaa nazo, zikasikiwa na wachache. Brazil alifariki mwaka 2008. Baadaye mpuliza saksafoni Steve Griggs, aliyekuwa akichunguza maisha yake, akazikuta, na mwaka 2021 santuri ikatolewa kwa ulimwengu. Aliyedhani kuwa Coltrane aliumaliza utungo wake studioni alilazimika kufikiri upya.

Kati ya kurekodi na kutolewa kwa santuri ndipo ilipo kazi ya wakusanyaji. Walinakili kanda na kupelekeana kwa posta, kutoka nchi hata nchi, na kila nakala ya nakala ilizidi mkwaruzo na kupungua uwazi. Wenye busara waliandika juu ya kasha tarehe, mahali na majina ya wapigaji, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Ukanda usio na maandishi ni yatima: sauti yake yasikika, wala hapana ajuaye ukoo wake.

Wako pia waliofungia kanda zao ili uadimu upandishe bei, na wako waliozigeuza santuri za magendo, wakauza jasho la wanamuziki ambao hawakupata hata senti. Wa kwanza alinyima masikio, wa pili alinyima mikono iliyofanya kazi. Wote wawili walisahau kwamba kitu walichoshika kilikuwa amana.

Amana ina haki mbili: kuhifadhiwa, na kurudishwa kwa wenyewe. Wenyewe wa sauti hizi ni wapigaji na warithi wao kwanza, kisha wote wenye kusikia. Mkusanyaji anayetimiza haki zote mbili amestahili shukrani, hata jina lake lisipoandikwa juu ya santuri. Anayetimiza ya kwanza peke yake huhifadhi ukimya, na ukanda wa sumaku, ukikaa kimya miaka mingi, huoza kama kitu kingine chochote.