Daraja la Salgina na Fundisho la Ufa

Msafiri atokaye Schiers, katika milima ya mashariki ya Uswisi, akipanda kwenda kijiji cha Schuders, hukuta korongo refu sana. Chini kabisa hupita kijito cha Salgina, na juu yake limetanda tao moja la zege, mita 90 toka ukingo hata ukingo. Njia yake ina upana wa mita 3 na nusu tu. Kijiji ni kidogo, na fedha za njia zilikuwa chache. Basi, wasomaji, twaulizana: daraja kama hili lilipatikanaje?

Asili yake ni ufa. Mwaka 1901 mhandisi Robert Maillart alijenga daraja la zege huko Zuoz, juu ya mto Inn. Mwaka 1903 kuta zake za ubavuni zilionekana zimepasuka karibu na miguu ya tao. Mwingine angaliziba nyufa, akanyamaza. Maillart alizichungua, akatambua ya kuwa sehemu zile za ukuta hazikuwa na kazi ya kuchukua mzigo. Kwa hiyo alipojenga daraja la Tavanasa, mwaka 1905, aliziondoa kabisa. Mwaka 1927 maporomoko ya mlima yalilibomoa daraja lile; walakini maarifa yake hayakuzikwa nalo.

Mwaka 1928 yaliletwa mashauri 19 ya kujenga juu ya Salgina. La Maillart lilichaguliwa, maana gharama yake ilikuwa ndogo. Fundi Richard Coray alisimamisha jukwaa la mbao korongoni. Kwanza lilimwagwa bamba jembamba la tao. Lilipokwisha kuwa gumu, lenyewe likasaidia kuchukua uzito wa kuta zilizofuata, hata jukwaa jepesi likatosha. Tena tao lilipewa viungo vitatu, viwili miguuni na kimoja utosini, kusudi lipate kujinyosha kwa joto na kujikunja kwa baridi pasipo kupasuka.

Kazi ilimalizika mwaka 1930. Mwaka 1991 chama cha wahandisi wa Marekani kiliitambua kuwa miongoni mwa kazi za ujenzi zenye kumbukumbu duniani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli, nasi twawafundisha watoto hivyo. Lakini kabla ya kuziba, yafaa kuuliza ufa umetoka wapi. Ukuta wa Zuoz ulinena, na aliyeujenga alikubali kuusikiliza.